Shida za nyumbani hupaa pamoja na rubani

Shemeji yangu wa Kisumu amelisema tena, mbele ya wageni waliojaa sebuleni kwetu hapa Nakuru: "Nyinyi marubani wa jeshi mna raha. Mkishapaa, shida za nyumbani zinabaki chini." Watu wakacheka. Nimelisikia kanisani, nimelisikia kwenye matatu, hata kwa watu wanaovaa sare kama yangu, na uvumilivu umeniishia.

Hazibaki. Kabla ya safari rubani hujikagua mwenyewe kama anavyoikagua ndege: ugonjwa, dawa, msongo wa mawazo, pombe, uchovu, hisia. Hebu isome orodha hiyo tena. Ukiondoa pombe (na kwa wengine usiiondoe), kipi hapo hakitoki nyumbani?

Pombe haina mjadala, saa za kukaa bila kunywa kabla ya kuruka zinahesabika. Kinachowashangaza watu ni kwamba mafua ya mtoto wa chekechea yanaweza kunizuia kuruka. Nanyuki, iliko kambi yetu, iko takriban mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Wajir, ninakokwenda kutua, haifiki 300. Kadiri unavyoshuka, shinikizo la hewa linaongezeka, na kama kile kijia kati ya koo na sikio kimezibwa na kamasi, hewa haipiti kusawazisha mambo. Kiwambo cha sikio kinasukumwa ndani. Kinauma mpaka mtu mzima anatoa machozi, pengine kinapasuka, tena wakati uleule unapohitaji akili yako yote kwa ajili ya kutua. Hapo ndipo mtaalamu fulani wa ukoo huniambia, "Si umeze Piriton?" Piriton inaleta usingizi, jamani. Sasa nina sababu mbili za kutoruka. Kwetu dawa haimezwi kabla daktari wa marubani hajajua, hata kama imenunuliwa duka la jirani.

Uchovu nao. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi vibaya kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Ndiyo maana tuna kanuni za mapumziko. Lakini kanuni inahesabu saa ulizopewa upumzike, haihesabu ulizolala. Mtoto akianza kuota meno, kwenye makaratasi mimi nimepumzika vizuri kabisa.

Halafu kuna msongo, ambao vitabu huuandika kana kwamba una geji. Mafua yanasikika hata kwenye simu. Ugomvi wa karo hausikiki. Nani atasimama mbele ya kamanda wake aseme, "Afande, jana tumekosana nyumbani, mpe mwingine safari yangu"? Sheria inamruhusu, tena inamtaka aseme. Ila anajua huyo mwingine ana watoto pia, na ilikuwa Jumamosi yake ya kupumzika. Anajua pia kwamba akisema mara kwa mara ataanza kuangaliwa kwa jicho jingine. Na hapa ndipo ninapokwama mwenyewe: anayepima ni yuleyule anayepimwa. Akili iliyochoka ndiyo tunayoiuliza kama imechoka. Sijaona mtu aliyelitatua hilo vizuri, na ninashuku wengi wetu tumejizoeza kujibu "niko sawa" kabla swali halijaisha.

Umbali wa kutoka nyumbani hadi kambini, ambao kila mtu hunipa pole kwa sababu yake, si neno. Nakuru, Nyahururu, Rumuruti, Nanyuki: barabara naijua. Stendibai, yaani kukaa tayari ukingoja kuitwa, ndiyo mbaya. Siku hiyo huruki na huwezi kuondoka. Umeahidi kuhudhuria siku ya wazazi shuleni na umeahidi kutohudhuria, yote mawili kwa pamoja.

Nyumbani tumekubaliana jambo moja. Usiku wa kuamkia safari hatuzungumzi pesa wala ukoo, na habari mbaya isiyohitaji uamuzi wangu hungoja mpaka nitue. Linafanya kazi. Lakini mzigo hautoweki, unahamia kwa mume wangu, ambaye hulala nao peke yake huku akiniambia kila kitu kiko salama. Anasema waziwazi kwamba si haki, na sina hoja ya kumpinga. Tulichoweza ni hiki: nikiwa likizo, simu za mwalimu, za fundi wa maji na za chama cha ukoo zote huja kwangu, na yeye huzima yake.