Je, wajua kwa nini almasi ya nusu karati huweza kuonekana kubwa kama ya karati mbili?

Chukua sarafu ya shilingi 500, iweke juu ya karatasi, uizungushie kalamu. Rudia pembeni upate duara mbili zilizo sawa. Ile ya kwanza izungushie duara nyingine kwa nje, iwe karibu sana, nafasi isizidi punje chache za ulezi. Ya pili nayo ipe duara ya nje iliyo mbali, upana wa vidole viwili. Kisha mwite mtu ambaye hakukuona ukichora, umuulize duara ipi ya ndani ni kubwa. Kuna uwezekano mkubwa atanyooshea kidole ile ya kwanza.

Msomi wa Ubelgiji, Joseph Delboeuf, aliueleza mchezo huu wa macho mwaka 1865. Duara ya nje ikikaa karibu, ubongo huiunganisha na ya ndani na kuzisoma kama kitu kimoja kikubwa. Ikikaa mbali, mambo hugeuka: ya ndani husinyaa machoni. Masonara hawakumsubiri Delboeuf. Pete zenye kito kikubwa kilichozungukwa na vidogo zilikuwa zikivaliwa Ulaya tangu karne ya 18, na leo huitwa pete za halo, kwa mfano wa ile duara ya mwanga inayouzunguka mwezi usiku wa mawingu mepesi.

Maarufu kuliko zote ni ile aliyovishwa Diana wa Uingereza mwaka 1981: yakuti ya buluu ya karati 12 kutoka Sri Lanka, ikizungukwa na almasi 14. Mwaka 2010 mwanawe William alimposa Catherine kwa pete hiyohiyo, na alifanyia jambo hilo hapa jirani na Uganda yetu, Kenya.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndipo utamu ulipo. Karati ya kito ni uzito: karati moja ni gramu 0.2. (Karati ya dhahabu ni jambo jingine kabisa, ni sehemu za dhahabu safi katika 24, ndiyo maana dhahabu ya karati 18 hupigwa muhuri wa 750, yaani sehemu 750 katika 1,000.) Almasi ya mviringo ya karati moja, ikichongwa vizuri, ina upana wa karibu milimita 6.5. Ungedhani ya nusu karati itakuwa na nusu ya upana huo, lakini sivyo. Ina takriban milimita 5.2, kwa sababu uzito umegawanywa kwenye upana, urefu na kina, ilhali jicho linaona uso wa juu tu. Ukiizungushia vijiwe vya milimita 1.3 pamoja na dhahabu inayovishikilia, unaongeza karibu milimita moja na nusu kila upande. Jumla inafika milimita 8 na kitu. Huo ndio upana wa almasi moja ya karati mbili, ambayo bei yake ingemfanya bwana harusi auze kiwanja cha Mukono, karibu na Kampala.

Kwa shughuli zetu za Kampala hila hii inafaa kuliko wanavyodhani wanaoidharau. Kwenye kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya arusi, wageni huketi katika hema zinazotazamana, na pete huonwa kwa mbali, mara nyingi kupitia simu ya mtu aliyesimama mbele yako. Kwa mbali, almasi moja ndogo ni nukta. Ya halo inaonekana. Ila baada ya picha atakuja ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, aushike ule mkono na kuuinua usoni pake. Hapo ndipo kazi ya fundi hujulikana.

Aangalie nini? Kwanza nafasi. Kumbuka duara ya pili kwenye karatasi yako: vijiwe vikikaa mbali na jiwe la kati, pengo jeusi likaonekana, hila inageuka na jiwe la kati linanywea. Vijiwe vyenyewe viwe vidogo na vinavyolingana. Vikiwa vinene mno, vinashindana na mkubwa wao. Pili rangi. Almasi nyingi zina umanjano kidogo, na peke yake hauonekani. Lakini jiwe lenye umanjano likizungushiwa vijiwe vyeupe kabisa ni sawa na shati jeupe la zamani kulipeleka kwenye arusi ya kanzu mpya. Bora vilingane, au pete iwe ya dhahabu ya njano ili rangi zipatane.

Wauzaji husema vijiwe huakisi mwanga na kuulisha jiwe la kati ling'ae zaidi. Mimi siamini sana. Almasi hupokea mwanga wake hasa kutoka juu, na kung'aa kwake kunategemea ilivyochongwa. Nuru ikiingia, hugonga nyuso za chini na kurudishwa juu kama mpira unaodundwa. Ikiwa jiwe limechongwa na kina kidogo mno au kikubwa mno, nuru inapenya chini na kupotea, hata ulizungushie vijiwe mia. Ukiwa na pesa za kuchagua kitu kimoja tu, zitie kwenye mchongo kabla ya ukubwa.

Kuna neno moja dukani linaloumiza wengi: “karati jumla”. Unaambiwa pete ni ya karati moja, unafurahi, kumbe jiwe la kati ni nusu karati na nusu nyingine imetawanyika kwenye vijiwe ishirini. Hilo si uongo, lakini bei haifanani hata kidogo, kwa sababu almasi moja kubwa ni adimu kuliko vidogo vingi vya uzito uleule. Uliza waziwazi: jiwe la kati peke yake lina karati ngapi? Cheti chake kiko wapi? Vyeti vya maabara kama GIA ya Marekani vina namba, na mara nyingi namba hiyo huchongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe lenyewe. Omba lenzi ya kukuza mara 10, uisome mwenyewe, kisha uilinganishe na iliyo kwenye tovuti yao. Vijiwe vya pembeni kwa kawaida havina cheti, na usimlaumu muuzaji kwa hilo.

Wala usitegemee ile kalamu ya kupimia vito, inayolia “pii” ikigusa almasi. Nyingi hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na moisanaiti, kito kingine kinachotengenezwa maabara, huipita bila shida. Moisanaiti si kito kibaya, tatizo ni kuuziwa kwa jina la almasi. Almasi za maabara nazo ni almasi kweli, kaboni tupu kama za mgodini, kwa bei ya chini sana. Anayetaka halo ya rangi anaweza kuweka tanzanaiti, kito cha buluu cha Merelani, Tanzania, katikati, ila ajue ni laini zaidi: vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga zenye ugumu wa kuikwaruza.

Sasa habari ya utunzaji. Wengi wanaamini almasi haihitaji kutunzwa kwa kuwa ni ngumu kuliko vito vyote. Ni kweli haichubuki ovyo, lakini ina adui mmoja mnyonge sana, nayo ni mafuta. Almasi huyakataa maji na kuyakumbatia mafuta. Tabia hiyo ilijulikana migodini Kimberley, Afrika Kusini, tangu mwishoni mwa karne ya 19: mchanga uliochanganywa na maji ulipitishwa juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yakasombwa na maji, almasi zikanasa. Sasa fikiria mkono wenye pete ukikanda unga wa chapati, ukijipaka mafuta baada ya kuoga, au ukimenya matoke kwa mafuta ili utomvu usigande vidoleni. Pete inafanya kilekile kilichotokea Kimberley.

Na uchafu unaoua mng'ao si ule wa juu unaoufuta kwa kitenge. Ni ule wa chini. Nuru hurudi juu kwa sababu nyuma ya almasi kuna hewa, na tofauti kati ya almasi na hewa ni kubwa. Tabaka la mafuta likikaa pale, tofauti inapungua, na miale ambayo ingerudishwa inatoroka kwa nyuma. Jiwe linakuwa kama dirisha la basi lenye ukungu. Kwenye halo balaa ni zaidi, kwa sababu kila kijiwe (si kile cha kupigia soga) kina kitundu chake kwa nyuma, na kila kitundu ni shimo la kuhifadhi unga, sabuni na utomvu.

Dawa yake ni rahisi. Bakuli la maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, acha pete humo nusu saa. Halafu mswaki laini wa mtoto, usugue kwa upande wa chini na katikati ya vijiwe. Suuza ndani ya bakuli jingine. Kwenye sinki usithubutu, kuna watu wameshafungua mabomba kwa ajili hiyo. Dawa ya meno hapana, inakwaruza dhahabu. Jik hapana kabisa, klorini hula metali zilizochanganywa na dhahabu na kudhoofisha vikucha vinavyoshika mawe. Dhahabu nyeupe ikianza kugeuka njano usishtuke: imepakwa rodiamu juu, metali nyeupe inayong'aa, na rodiamu huchakaa. Sonara ataipaka upya.

Vikucha vya halo ni vyembamba kama uzi, na ndivyo vinavyokufa kwanza. Kuhusu saizi, pima kidole jioni, joto likiwa limeshakivimbisha kidogo, usipime alfajiri. Pete ya halo yenye vijiwe hadi ubavuni haipendi kupanuliwa: ukiipinda, vijiwe vinalegea.

Kila baada ya miezi sita mpelekee sonara aitazame kwa lenzi. Katikati ya hapo jipimie mwenyewe. Pitisha pamba juu ya pete. Ikinasa nyuzi, kuna kikucha kilichoinuka. Kisha ishike karibu na sikio, uigonge taratibu kwa ukucha, mahali penye utulivu, si ndani ya taksi ya Ntinda. Ukisikia chakachaka, ivue palepale, ifunge kwenye karatasi, usiivae tena mpaka fundi aione.