Mvuto wa kampuni za "jicho la mashine" kwa mwekezaji ni kitu gani hasa?

Juzi binamu yangu anayeuza mchele pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kanitumia skrinishoti ya hisa ya kampuni moja ya Marekani inaitwa Cognex, akauliza, "kaka hawa si wauza kamera tu, sasa mbona wanasifiwa hivi wakati kamera hata Mchina anazo za kumwaga?" Swali zuri kiukweli, na jibu lake lipo kulekule anakofuata mzigo, Igurusi.

Kama umeshaingia kwenye zile mashine kubwa za Igurusi zinazogredi mchele kwa rangi basi jicho la mashine umeshaliona, hata kama hukujua linaitwaje. Mchele ukishakobolewa unapandishwa juu, unateremka kwenye vimifereji vyembamba kama maji ya mvua kwenye bati, chini kabisa unapita mbele ya taa kali na kamera, sasa punje ikiwa nyeusi au ya njano, au kikiwa kijiwe, kuna kitundu cha upepo kinapuliza, tsi! inarukia pembeni kwenye mfuko wa makapi na nyeupe zinaendelea na safari zao. Zamani hapo wangekaa akina mama na ungo kutwa nzima.

Ndo hivo tu. Jicho la mashine ni kamera, lenzi, taa na programu vilivyofungwa pamoja ili mashine iangalie kitu, iamue ni kizima au kibovu, alafu ichukue hatua yenyewe bila kumsubiri mtu. (Taa msiidharau, mwanga ukikaa vibaya hata kamera ya bei gani inaona uongo.) Kwenye viwanda vya wenzetu inakagua skrini ya simu kama imekaa sawa, chupa kama ina kifuniko, inasoma barkodi za mizigo inayokimbia kwenye mkanda, inamwelekeza roboti ashike wapi.

Sasa mvuto. Mtu akisema kampuni ina mvuto wa uwekezaji anamaanisha kuna sababu za kueleweka za kuamini kwamba hela ukiiweka pale itazaa, tena kwa bei unayoinunulia leo. Hicho kipande cha bei watu wanakiruka sana, nitakirudia.

Kinachowavuta wengi ni faida ghafi. Cognex, iliyoanzishwa 1981 na Robert Shillman, kwa miaka mingi ikiuza bidhaa za dola 100 inabakiwa na kama dola 70 ukishatoa gharama ya kuzitengeneza, wakati jamaa zetu wa kukoboa wakibakiwa na 20 wanachinja mbuzi. Inawezekanaje? Kwa sababu vioo na vyuma ni sehemu ndogo ya bei, mteja analipia akili iliyomo ndani, na programu unaiandika mara moja unaiuza mara elfu. Kuna Keyence ya Osaka, ya mwaka 1974, hao wanatisha zaidi, viwanda vikubwa vya kwao hawahangaiki navyo, uundaji mwingi wanawapa wengine, wao wanabuni na kumfuata mteja wenyewe bila dalali, na kwenye kila 100 ya mauzo faida ya uendeshaji imekuwa ikizidi 50. Yaani baada ya mishahara na utafiti na kila kitu bado nusu ipo!

Alafu kuna kunata, yaani mteja akishanunua kuhama inakuwa kazi. Pale Igurusi niliwahi kunyoosha kidole kwenye skrini ya mashine nione tu menyu zake, opareta akanikamata mkono, "braza usiguse, fundi aliiseti siku mbili hiyo." Sasa fikiria kiwanda cha magari chenye macho kama hayo mamia, kila moja limefundishwa kasoro zake, mafundi wameshazoea programu hiyohiyo, nani atang'oa vyote kisa kuna mwingine kapunguza bei kidogo? Mwekezaji anaipenda sana hiyo.

Ila bana, hapa ndo watu wanalizwa. Hizi kampuni zinauza pale kiwanda kinapojenga laini mpya au kupanua, na mwaka wa njaa hakuna anayepanua. Ni kama Usangu tu, mpunga ukigoma nani ananunua mashine ya kugredi? Mwaka 2021 mauzo ya Cognex yalivuka dola bilioni 1, watu walikuwa wanaagiza vitu mtandaoni kila siku na maghala yanajengwa, hisa ikafika karibu dola 100. Baadaye maghala yakapumzika, watengeneza simu wakabana matumizi, 2023 mauzo yakashuka mpaka kama milioni 837 na Oktoba mwaka huo hisa ilikuwa chini ya dola 40. Kampuni haikufa, teknolojia ilikuwa ileile, ila aliyenunua kileleni alikoma.

Ndo maana nikasema bei. Chukua shamba la parachichi kule Rungwe linalokuingizia faida ya milioni 1 kwa mwaka, mwenyewe akikuuzia milioni 10 mnaongea, akisema milioni 50 anakuuzia miaka hamsini ya mavuno leo, labda uwe na uhakika miti itaongezeka sana. Hisa za macho ya mashine mara nyingi zinauzwa hivo, mara 30, 40 ya faida ya mwaka, yaani ukuaji umeshaulipia kabla haujaja, ukichelewa kidogo tu bei inaporomoka.

Na Mchina wa binamu yupo kweli, kina Hikrobot wanauza kamera za viwandani kwa bei ya chini, na hii akili bandia inafanya hata vijana wachache na kompyuta nzuri waweze kufundisha mashine kutambua kasoro. Cognex wenyewe waliliona mapema, 2017 wakainunua ViDi, kampuni ya Uswisi ya programu za akili bandia, kwa ajili hiyo hiyo.

Binamu hakuridhika, safari iliyofuata akamuuliza mwenye mashine kabisa, je wakikuletea nyingine ya nusu bei? Mzee akamwambia nitanunua hata kesho, ila kwanza uniambie fundi wake anakaa wapi, maana hii ikizima msimu wa mavuno malori yanapanga foleni mpaka barabarani.