Alama za IQ si muhuri wa kuzaliwa

Wengi huamini kuwa alama za kipimo cha akili, yaani IQ, huonyesha akili aliyozaliwa nayo mtu, isiyobadilika hadi kaburini. Mwasisi wa vipimo hivyo, mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet, hakuamini hivyo hata kidogo. Mwaka 1905, jijini Paris, Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi darasani. Msaada, si kutengwa! Mwaka 1909 Binet aliwapinga waziwazi waliodai akili haiongezeki. Alisema umakini, kumbukumbu na uamuzi hukuzwa kwa mazoezi. Baadaye wanasaikolojia wa Marekani, akiwemo Lewis Terman, wakazichukulia alama hizo kama urithi wa damu. Inauma, maana mtoto aliyeambiwa hana akili huweza kuacha kujaribu hata maswali anayoyaweza.