Paneli inapata jua kiasi gani? Tuulize vekta

Kila vekta ina ukubwa na mwelekeo. Kwa paneli ya sola tunahitaji mwelekeo peke yake, kwa hiyo ukubwa tunautafuta ili tuuondoe.

Tuchukue Dar es Salaam, katikati ya Agosti, saa tatu na nusu asubuhi. Mashariki iwe x, kaskazini y, juu z. Jua liko takriban upande wa (2, 1, 2), yaani 2 mashariki, 1 kaskazini, 2 juu. Paneli imelala juu ya paa linaloteremka kuelekea kaskazini, mita 1 kwa kila mita 2 za mlalo. Vekta inayotoka kwenye uso wake kwa pembe mraba ni (0, 1, 2).

Ukubwa: zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Kwa jua, 4 + 1 + 4 = 9, kipeuo chake 3. Wengi hujumlisha tu 2 + 1 + 2 wakapata 5; huo ni urefu wa kuzunguka kona, si wa kukatiza. Kwa paneli ni kipeuo cha 5, yaani 2.236.

Sasa gawanya kila vekta kwa ukubwa wake: (0.667, 0.333, 0.667) na (0, 0.447, 0.894). Hizi ni vekta kizio, yaani vekta zenye ukubwa wa 1. Pima tena ukubwa wake. Usipokaribia 1, umekosea mahali.

Zao nukta, linalolinganisha mielekeo hiyo miwili, ni x mara x, y mara y, z mara z, kisha jumla: 0 + 0.149 + 0.596 = 0.745. Hiyo ni kosaini (namba kati ya −1 na 1 inayotokana na pembe) ya pembe kati ya vekta hizo mbili, kama digrii 42. Paneli inapata asilimia 74.5 ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingeupata ikitazamana na jua. (Mwanga uliotawanywa na mawingu haufuati hesabu hii.)

Ukiifunga upande wa pili wa paa hilohilo, vekta inakuwa (0, −1, 2) na jibu 0.447: asilimia 40 pungufu! Desemba, jua likiwa kusini, upande huo ndio hushinda.

Ukiruka hatua ya kugawanya utapata 5, namba isiyoweza kuwa kosaini ya chochote. Kwenye kikokotoo, −1 iwekee mabano kabla ya kuipa kipeo cha pili, la sivyo vikokotoo vingi vitakurudishia −1. Na zao likitoka hasi, jua liko nyuma ya paneli: andika sifuri.