Mkaa Mwekundu na Nyota Nyekundu: Rangi, Joto na Mwanga wa Nyota Juu ya Ziwa

Ilikuwa Februari, katika siku za giza, zile ambazo mwezi hauko angani na wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao. Tulikuwa tumesimamisha darubini ndogo karibu na mwalo wa Igombe, hapa Mwanza, nami nikawaambia vijana waliotuzunguka kwamba nyota nyekundu zina baridi kuliko nyota za buluu. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri mitumbwi irudi akanikatiza: "Mwanangu, mbona mkaa wangu ukishakuwa mwekundu ndipo unaunguza?"

Nilimshukuru, maana swali hilo ndilo mlango wa somo zima. Mkaa mwekundu ni wa moto, hilo halina ubishi. Lakini upepee. Utaona wekundu unageuka rangi ya chungwa, na ukiendelea kupepea, katikati panaanza kuelekea manjano. Mhunzi anaijua ngazi hii vizuri zaidi. Chuma kikifika nyuzi 700 hivi za Selsiasi kinakuwa na wekundu wa damu. Kwenye nyuzi 1,000 kinakuwa cha rangi ya chungwa. Kikivuka 1,300 kinakaribia weupe unaoumiza macho. Wekundu ni kidato cha kwanza cha ngazi ya joto. Mabomba ya maji ndiyo yaliyotuzoesha kinyume, kwa alama nyekundu ya maji ya moto na alama ya buluu ya maji ya baridi. Mbinguni alama hizo zigeuzeni.

Kitu chochote kilichosongamana chenye joto kali hutoa rangi nyingi kwa pamoja, ila si kwa kiasi sawa. Kadiri joto linavyopanda, kilele cha nuru yake husogea kutoka upande wa nyekundu kwenda upande wa buluu. Mjerumani Wilhelm Wien aliiandika kanuni hiyo mwaka 1893, na inatuwezesha kupima joto la nyota ambayo hakuna chombo kitakachoifikia. Wanaastronomia hutumia kipimo cha kelvini, ambacho huanzia kwenye baridi kuu ya nyuzi 273 chini ya sifuri. Uso wa Jua una takribani kelvini 5,800. Nyota nyekundu huwa na 3,500 hivi, na zile za buluu huvuka 10,000.

Vijana huniuliza mbona hakuna nyota ya kijani. Kilele cha nuru ya Jua letu kiko karibu kabisa na kijani! Lakini Jua hutoa pia nyekundu, manjano na buluu kwa wingi, na jicho likizipokea zote kwa mkupuo huona nyeupe. Umanjano tunaouona jioni Jua linapozama ziwani ni kazi ya hewa, si ya Jua lenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, usiihukumu rangi ya nyota ikiwa chini karibu na maji. Hewa nene na moshi huiongezea wekundu, na mitikisiko ya hewa huifanya imetemete rangi zote. Isubiri ipande.

Hapa lazima nitoe tahadhari, kwa sababu nimeona hata vitabu vya watoto vikiteleza. Si kila rangi inapima joto. Karabai na taa mpya za sola wanazotumia wavuvi zina rangi tofauti, lakini weupe wenye ubuluu wa taa ya sola unatokana na namna umeme unavyogeuzwa kuwa nuru ndani ya kidude kidogo. Ukiigusa haikuunguzi kama karabai. Ubuluu wa jiko la gesi nao hutokana na molekuli za moto wenyewe, kila aina ikitoa rangi yake. Na Mirihi, ambayo wengi huidhani nyota nyekundu, ni sayari yenye vumbi la kutu ya chuma, nayo ni ya baridi kuliko Mwanza kwa mbali. Kanuni yetu ni ya vitu vinavyong'aa kwa joto lao vyenyewe.

Sasa mwangaza. Tazama taa za dagaa zikiwa zimetapakaa ziwani hadi upeo wa macho. Taa inayong'aa kuliko zote inaweza kuwa kubwa, au inaweza kuwa tu karibu na nchi kavu. Taa ikisogea mbali mara mbili, nuru inayokufikia hubaki robo. Nyota nazo ziko hivyo. Shira, ambayo ramani za kimataifa huiita Sirius, inazidi nyota zote za usiku kwa mng'ao, na iko umbali wa miaka ya nuru 8.6 tu (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Kuna nyota zenye nuru maelfu ya mara kuliko yake zinazoonekana hafifu kando yake, kwa umbali tu.

Tukishaondoa umbali, mwangaza halisi wa nyota huamuliwa na mambo mawili: joto la uso na ukubwa wa uso huo. Nguvu ya joto inashangaza. Mwanafizikia Josef Stefan aligundua mwaka 1879 kwamba joto la kelvini likizidishwa mara 2, kila mita ya mraba ya uso hutoa nuru mara 16. Mara mbili za joto, mara kumi na sita za nuru!

Usiku ule Igombe ushahidi ulikuwa juu ya vichwa vyetu. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo Jabari, kundi ambalo wengine huliita Orion, hupita karibu utosini. Mwezi wa pili, mida ya saa tatu usiku, nyota tatu za mkanda wake zinakuwa juu kabisa. Upande wa kaskazini wa mkanda ipo Ibuti la Jauza, yaani Betelgeuse, nyekundu waziwazi. Upande wa kusini ipo Rijili ya Jabari, au Rigel, nyeupe yenye ubuluu. Zitazame moja baada ya nyingine bila darubini na utaona tofauti.

Ibuti la Jauza lina kelvini 3,500 hivi. Kila mita ya mraba yake hutoa kiasi cha moja ya saba au ya nane ya nuru inayotolewa na mita ya mraba ya Jua. Ungetarajia nyota dhaifu. Lakini upana wake ni zaidi ya mara 700 ya Jua. Ikiwekwa mahali pa Jua itaimeza Dunia na kuipita Mirihi. Rijili yenyewe ni ndogo sana kwa kulinganisha, upana wake unakaribia mara 75 za Jua, ila ina kelvini 12,000 na kila mita ya mraba hutoa nuru mara 18 hivi ya ile ya Jua. Kwa njia mbili tofauti kabisa, moja kwa ukubwa na nyingine kwa joto, zote zinatoa nuru inayozidi ya Jua kwa makumi ya maelfu ya mara. Kwangu mimi hakuna mfano mzuri kuliko huu angani kote.

Nyota nyingi mbinguni ni vibete vyekundu, vidogo na vya baridi, pengine saba katika kila kumi, na huwezi kukiona hata kimoja kwa macho matupu. Kilicho jirani yetu kuliko nyota zote baada ya Jua, Proxima Centauri, kiko miaka ya nuru 4.24 tu na bado kinahitaji darubini. Basi kila nyota nyekundu unayoiona ukiwa ufukweni ni jitu.

Ili kupata kanuni ya jumla, watu walihitaji nyota zilizo umbali mmoja, kama mitumbwi iliyotia nanga pamoja. Kundi kama hilo wakulima wetu wanalijua tangu enzi: Kilimia. Fuata mstari wa mkanda wa Jabari kuelekea kaskazini-magharibi, utapita Dabarani, yaani Aldebaran, yenye rangi ya chungwa, kisha utafika kwenye kishada kidogo cha nyota. Ziko takribani miaka ya nuru 440 kutoka hapa, zote pamoja. Mdenishi Ejnar Hertzsprung alichapisha mwaka 1911 mchoro wa nyota za Kilimia na kundi jirani, akipanga rangi upande mmoja na mwangaza upande mwingine. Hazikutawanyika ovyo. Zilijipanga mstari: za buluu zing'aazo juu, nyekundu hafifu chini. Mmarekani Henry Norris Russell akafikia jambo lile lile kwa njia yake mwaka 1913. Mstari huo tunauita safu kuu, na nyota tisa katika kila kumi zimo, Jua likiwemo. Majitu kama Ibuti la Jauza ni nyota zilizokwisha kuihama safu hiyo uzeeni.

Yule mama aliinama kwenye darubini nikamwonyesha Kilimia. "Hizi zote nyeupe-buluu," alisema. "Ina maana zote ni za moto mkali?"

"Hizo unazoziona, ndiyo mama. Katikati yao zimo nyekundu nyingi kuliko hizo, ila ni kama kibatari ndani ya mtumbwi uliobeba karabai nne. Kutoka huku nchi kavu hukioni."