Browns wa 1995: misimu miwili ndani ya mmoja

Jedwali la 1995 la NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, linaonyesha Cleveland Browns wakishinda mechi 5 na kupoteza 11. Mtu akilipitia haraka atasema timu ilikuwa mbovu. Kazi yangu ni kuchambua fedha za klabu na mikataba ya viwanja, na jedwali hilo nimelirudia mara nyingi kwa sababu limebeba misimu miwili. Katika mechi 8 za kwanza walishinda 4 na kupoteza 4. Katika 8 za mwisho walishinda 1 tu. Kati ya hizo mechi za mwanzo na za mwisho ilivuja habari iliyotangazwa rasmi Novemba 6.

Siku hiyo, Jumatatu, mmiliki Art Modell alitangaza akiwa Baltimore kwamba timu inahamia huko. Habari ilikuwa imeshavuja, na Jumapili, siku moja kabla ya tangazo, Browns walichapwa 37-10 na Houston Oilers mbele ya mashabiki wao wenyewe. Msimu uliotangulia kikosi hicho, chini ya kocha Bill Belichick, kilishinda mechi 11 kikaingia mtoano na kuwatoa New England Patriots. Hawakusahau mpira kwa wiki moja.

Kwa nini Modell aliondoka? Majibu mengi yanaishia kwenye tamaa. Mimi naanza na uwanja. Katika NFL fedha za televisheni hugawanywa sawasawa, na hata viingilio mgeni hupata fungu lake. Lakini mapato ya vyumba vya VIP, vile vinavyokodishwa na makampuni, hubaki kwa mwenyeji. Kwa hiyo klabu mbili zenye mashabiki wengi sawa zinaweza kuachana mbali kifedha kwa sababu ya jengo tu.

Modell aliliona hilo mapema. Mwaka 1973 aliingia mkataba wa miaka 25 na jiji: kampuni yake ikodi Municipal Stadium, uwanja wa nyumbani wa Browns, kwa dola 1 kwa mwaka, ila gharama zote za kuuendesha na kuukarabati ziwe juu yake. Akajenga vyumba vya VIP, na timu ya besiboli ya Indians ikawa mpangaji wake. Uwanja wenyewe ulifunguliwa 1931, na kila mwaka uliopita uliongeza bili ya matengenezo. Kisha jiji likawajengea Indians uwanja mpya, wakahamia 1994. Mpangaji akaondoka na fedha zake, bili zikabaki palepale. Modell alikuwa amealikwa kwenye mradi huo mpya akakataa. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa, na ni Cleveland iliyolilipia.

Baltimore nao walikuwa na jeraha lao. Timu yao ya Colts ilihamishwa kwa malori usiku wa Machi 1984. Safari hii jimbo la Maryland lilimwekea Modell mezani uwanja mpya wa fedha za umma.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Novemba 7, siku moja baada ya tangazo, wapiga kura wa kaunti ya Cuyahoga, ulipo mji wa Cleveland, waliidhinisha kwa wingi kuendeleza kodi ya pombe na sigara ili uwanja ukarabatiwe kwa dola milioni 175. Waliipigia kura timu iliyokwisha kuwaaga.

Baada ya hapo makampuni yaliondoa matangazo yao uwanjani. Desemba 17 ilichezwa mechi ya mwisho nyumbani, dhidi ya Cincinnati Bengals. Katika jukwaa la Dawg Pound, ambako mashabiki huja wamevaa vinyago vya mbwa, watu waling'oa viti na kuvirusha uwanjani, hadi waamuzi wakahamishia mchezo upande wa pili. Browns walishinda 26-10, ushindi wao pekee tangu tangazo. Filimbi ilipolia, mchezaji wao Earnest Byner alikwenda hadi kwenye ukuta wa jukwaa hilo akaanza kushikana mikono na mashabiki, mmoja baada ya mwingine, na wenzake wakamfuata.

Jiji lilikuwa limefungua kesi, na Februari 1996 yakafikiwa makubaliano: wachezaji na mikataba yao waende Baltimore, jina, rangi na kumbukumbu zote zibaki Cleveland hadi ipatikane timu nyingine, iliyokuja kuanza 1999. Ndiyo maana rekodi za Baltimore Ravens, jina ambalo timu ya Modell ilipewa huko, zinaanzia 1996. Vile vipigo 11 havimo. Viko Cleveland, pamoja na ushindi wa Desemba 17.