Gramu 60 za kila aina: jaribio la pamoja la mtama linavyovuka mpaka kutoka Dodoma

Ukipita mashamba ya Kongwa, Chamwino au Bahi mwezi wa tatu, hukosi kuiona Macia: mtama mfupi, suke jeupe lililojaa. Haikuzaliwa Dodoma. Ilitoka Matopos, karibu na Bulawayo nchini Zimbabwe, kwenye mradi wa mtama na uwele wa SADC na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makame, ikaidhinishwa Tanzania mwaka 1999. Botswana wanaiita Phofu. Kabla yake wakulima wengi walikuwa na Serena, iliyotoka kituo cha Serere, Uganda, enzi za utafiti wa pamoja wa Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza ikavunjika mwaka 1977, Serena ikabaki shambani.

Ushirikiano wa kisayansi wa nchi jirani huzungumzwa sana kwenye kumbi. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki ipo Kigali, SADC ina itifaki yake ya sayansi ya mwaka 2008, na vyombo hivyo vina kazi yake. Lakini jaribio lenyewe hupona au hufa kwenye bahasha ya kaki na kwenye kalenda ya mvua. Nitaeleza kwa mfano wa jaribio moja la kawaida: aina 20 za mtama, zinazopandwa Dodoma, Kenya, Uganda na Zambia kwa wakati mmoja.

Tuanze na ukubwa wa mzigo, maana hapo wengi hushangaa. Kitalu kimoja, yaani kipande cha shamba cha aina moja, kina mistari 4 ya mita 5, nafasi sentimita 75 kwa 20. Hiyo ni mashimo 25 kwa mstari, 100 kwa kitalu. Ukiweka punje 4 kila shimo kisha upunguzie ubaki mche mmoja, unahitaji punje 400. Mtama mweupe wa aina hii una uzito wa takriban gramu 30 kwa punje 1,000, kwa hiyo kitalu kinakula gramu 12. Marudio ni 3, maana kila aina hupandwa kwenye vitalu vitatu, yaani gramu 36. Ongeza za kupandia mapengo na za kupimia uotaji, upeleke 60. Mara aina 20, kituo kizima kinapata kilo 1.2. Shamba lenyewe, pamoja na njia na mistari ya pembeni, halifiki nusu ekari. Mzigo huo unaingia kwenye mkoba wa kompyuta, na unadai karatasi zilezile ambazo lori la tani 30 lingedai. Anayedhani udogo wake utamhurumia mpakani ndiye anayeacha mbegu zake Namanga.

Kalenda ihesabiwe kinyumenyume. Dodoma ina msimu mmoja: mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na katikati mara nyingi kuna wiki mbili tatu za ukavu. Ukikosa dirisha la Desemba umekosa mwaka. Mwenzako wa ukanda mkavu wa Kenya ana misimu miwili, na wa kwake mkuu ni wa vuli, unaoanza Oktoba. Kwa hiyo tarehe ya pamoja ya kutuma mbegu ni ya yule anayepanda mapema zaidi. Kenya wawe na mbegu ghalani ifikapo mwisho wa Septemba. Ukirudi nyuma, ukaguzi wa mbegu ni mwanzoni mwa Septemba, kibali cha kuingiza kiombwe Julai, mkataba wa mbegu usainiwe Juni au Julai, na orodha ya aina 20 ifungwe mara tu mavuno ya Mei yanapopigwa. Orodha inayobadilishwa Agosti ndiyo ugonjwa mkubwa kuliko yote. Mtu anaongeza aina mbili “nzuri sana”, kibali kinakuwa hakilingani na sanduku, kazi inaanza upya.

Sasa karatasi, na hapa mpangilio ndio kila kitu. Kwanza nchi inayopokea itoe kibali cha kuingiza. Kwa Kenya ni KEPHIS, mamlaka yao ya afya ya mimea. Kibali hicho kina masharti, mathalani mbegu zisiwe na magonjwa au magugu fulani. Ndipo unakwenda TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea yenye makao Arusha, ukiwa na kibali mkononi, wakague mbegu kwa masharti hayohayo na kutoa cheti cha afya ya mimea. Watu hufanya kinyume: wanakata cheti kwanza kwa sababu ofisi ipo karibu, kisha kibali kinafika na sharti ambalo cheti hakilitaji. Cheti hicho hakina kazi tena.

Kosa la pili ni dawa. Mtafiti mwema anatibu mbegu kwa kiuakuvu kabla ya ukaguzi, punje zote zinageuka nyekundu, mkaguzi hawezi kuona chochote. Kagua kwanza, tibu baadaye, na utibu tu kama kibali kinasema hivyo. La tatu ni uzito: kibali kimeandikwa kilo 1, sanduku lina 1.2. Andika kiasi cha juu kidogo tangu maombi ya mwanzo. Jina la kisayansi, Sorghum bicolor, liandikwe vilevile kwenye kila karatasi, na idadi ya bahasha itajwe. Bahasha ziwe za karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani. Mbegu iwe na unyevu usiozidi asilimia 12.

Kuna na mkataba wa mbegu zenyewe. Mtama, uwele, ulezi, mahindi na kunde zimo kwenye kiambatisho cha kwanza cha Mkataba wa Kimataifa wa Nasaba za Mimea, kwa hiyo hutumika mkataba sanifu ambao maneno yake hayaguswi: mnajaza majina, mnaambatisha orodha, mnasaini. Mwanasheria wa taasisi akianza kurekebisha vifungu vyake, mwambie kwa upole kwamba anapoteza muda wake na wenu. Karanga hazimo kwenye kiambatisho hicho, wala soya, wala zabibu. Wenzetu wa zabibu pale Makutupora wakitaka kubadilishana vipandikizi na jirani, itabidi waandike mkataba wao mahususi na kupata ruhusa ya mamlaka ya nchi yenye mmea. Hesabu miezi, si wiki.

Mgeni anayekuja kufanya utafiti huku, hata akiwa Mkenya au Mganda, anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, na mshirika Mtanzania. Kibali hicho kinapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Ukiruka ngazi moja utajikuta umesimama kwenye shamba la mtu bila jibu.

Vituo vichaguliwe kwa hali ya hewa kabla ya bendera. Dodoma mjini ni kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katumani, Kenya, ni kama mita 1,600. Huko ni baridi zaidi na mtama huchelewa kuchanua. Kituo cha Kiboko, Kenya hukohuko, kilicho chini ya mita 1,000, kinafanana na sisi zaidi. Katumani haina ubaya, ila usishangae aina ileile ikitofautiana siku kadhaa kwa kuchanua, wala usiite hiyo tofauti ya udongo. Kila kituo kiweke pia aina ya kienyeji ya kulinganishia, kwetu Lugugu, pamoja na aina moja ya pamoja ya wote, ambayo ni Macia. Bila ya pamoja hamwezi kulinganisha vituo, na bila ya kienyeji mkulima hatawasikiliza.

Serere ina jambo lake: kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Cha huko ni Striga hermonthica, wakati kinachosumbua zaidi kanda yetu ya kati ni Striga asiatica. Mbegu ya kiduha ni kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na hukaa ardhini miaka zaidi ya kumi ikisubiri mizizi. Mbegu za kurudi kutoka huko zipigwe juu ya turubai safi, zisiguse sakafu, zipepetwe na kuchambuliwa kwa mkono. Huu si urasimu.

Tukifika kwenye takwimu, karibu kila ugomvi wa vituo unatokana na mambo manne.

Siku za kuchanua ni la kwanza. Dodoma wengi tunapanda kwenye vumbi kabla ya mvua, na mbegu inaweza kulala siku kumi na zaidi. Ukihesabu tangu kupanda, aina ya siku 65 inaandikwa 77, na Zambia waliopanda kwenye udongo uliolowa wanaonekana wana mbegu ya mapema. Hesabuni tangu miche kutokeza, siku nusu ya mashimo yalipoota.

La pili ni unyevu wa nafaka. Mnavuna mistari miwili ya katikati tu, yaani mita za mraba 7.5. Tuseme umepata kilo 1.8 zenye unyevu wa asilimia 15.5. Zidisha kwa 84.5, gawa kwa 87.5, unapata kilo 1.74 kwa kiwango cha pamoja cha unyevu wa asilimia 12.5, sawa na takriban kilo 2,320 kwa hekta. Asiyerekebisha ataandika 2,400. Anayevuna mistari minne na kugawa kwa 7.5 ataandika zaidi ya 4,000, na atapongezwa mpaka mtu aende kuuliza.

La tatu ni mkato. Burundi na Kongo wakijiunga, kompyuta nyingi za huko zimepangwa Kifaransa: 2,4 ni mbili nukta nne. Faili likifunguliwa Dodoma, 2,4 inageuka safu mbili, au 24, au tarehe ya mwezi wa nne. Kubalianeni nukta, tarehe ianze na mwaka, na kila kituo kifunge faili la asili lisiguswe.

La nne ni mvua. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi kwetu, Kenya na Uganda. Zambia, Malawi, Rwanda na Burundi wako saa moja nyuma, kwa hiyo wakati uleule kwao ni saa mbili. Usomaji wa asubuhi unahesabiwa siku iliyotangulia. Asiyejua hilo anasogeza mvua zote siku moja, na uhusiano wa ukavu na mavuno unapotea.

Na ndege. Kwelea kwelea hawatazami mpaka, ndiyo maana udhibiti wao unafanywa na shirika la nchi kadhaa, DLCO-EA, lile la kudhibiti nzige wa jangwani. Ndani ya jaribio shida ni nyingine: aina inayowahi kukomaa ndiyo inaliwa kwanza, na nyeupe huliwa kabla ya ile nyekundu yenye uchungu. Kituo kisicho na ulinzi kitaripoti kuwa aina za mapema ni mbovu. Funika masuke 10 ya kila kitalu kwa mifuko ya karatasi nafaka inapoanza kuwa ya maziwa, andika asilimia ya masuke yaliyoliwa kwa kitalu, na usijaribu kukisia kilo zilizopotea. Suke lililofunikwa mapema mno huota ukungu mvua ikirudi, kwa hiyo fungua mfuko kila baada ya siku nne uchungulie.

Takwimu zikisimama, aina iliyoshinda hupelekwa TOSCI, taasisi yetu ya kuthibitisha mbegu, kwa utaratibu wa kuidhinishwa nchini. Ikiidhinishwa Tanzania na Zambia, nchi mbili za SADC, inaweza kuombewa orodha ya pamoja ya mbegu ya jumuiya hiyo, na hapo masoko ya nchi nyingine wanachama hufunguka. Kwa hiyo bakiza gramu 20 za kila bahasha ya mwanzo, kavu, zenye namba ileile, kwenye chombo kisichopitisha hewa. Wakaguzi huomba sampuli ya asili, na mara nyingi huomba miaka mitatu baadaye.